Umeshikwa Ijumaa jioni? Anza na saa

Hii naandikia mtu yeyote ako Kenya, hasa vijana, manake tangu Juni 2024 watu walipotoka barabarani kupinga mswada wa fedha naona kila nyumba iko na mtu amewahi kulala selo ama anamjua aliyelala. Haki ziko kwa katiba ya 2010, zimeandikwa vizuri, lakini haziji zenyewe, lazima uzidai kwa sauti.

Kwanza shika saa. Ile dakika umeshikwa, iweke kichwani. Kifungu cha 49 kinasema ufikishwe kortini haraka iwezekanavyo na isizidi saa 24, ila zikiishia wakati korti imefungwa, ngoja siku ya korti inayofuata. Ndo maana Ijumaa jioni watu wanazolewa. Binamu yangu alishikwa Ijumaa saa kumi na moja karibu na steji, korti akaiona Jumatatu, na hiyo ndo inaniuma zaidi, kwamba kwa hesabu ya siku hakuna sheria ilivunjwa, mtu alikaa tu chini akatumia kale kamwanya sheria iliacha. Uhuru wetu unaliwa hivo, kidogo kidogo, na kila mara kuna karatasi ya kuonyesha ni halali.

Uliza umeshikwa kwa nini, ni lazima uambiwe, tena kwa lugha unayoelewa. Toa jina lako, omba wakili, halafu nyamaza. Ile ya "hebu tuambie tu tukuachilie uende" imefunga watu wengi sana.

Simu nayo. Kabla hujatoka nyumbani zima ile ya kufungua kwa kidole, weka pasiwadi. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inamtaka polisi aombe waranti kortini ndo apekue data yako, kwa hivo sema pole pole, "Afisa, sikubali simu yangu ifunguliwe bila waranti." Wakiinyakua usivutane nao, rudia tu hayo maneno mbele ya watu wasikie.

Sasa wewe uliye nje ndo uko na kazi kubwa. Nenda kituoni uulize OB namba, yaani namba ya kile kitabu polisi wanaandika kila mtu ameletwa. Shangazi alipofika aliambiwa hakuna kijana kama huyo hapa, na kile kitabu kikubwa kiko pale kaunta, biro imefungwa na uzi. Hakupiga kelele. Alisimama akauliza, "Kijana wangu ameandikwa saa ngapi?" Akauliza tena. Mara ya tatu yule afisa akaanza kufunua kurasa, na jina lilikuwepo. Andika hiyo namba, saa, na jina la afisa aliye zamu. Bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kurudi, ni bure, msilipe hata bob moja, na kama ni dhamana ya pesa taslimu msitoke bila risiti.

Ukizunguka vituo vyote wanamkana, usingoje kesho, tafuta wakili apeleke ombi la habeas corpus Mahakama Kuu, yaani korti iamuru huyo mtu aletwe mbele yake. Kifungu cha 25 kimeiweka hiyo haki kati ya zile chache ambazo haziwezi kupunguzwa hata kidogo, na kufungua kesi ya haki za katiba hakulipishwi ada.

Baadaye peleka malalamiko IPOA, ile mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Pia dai habari kutoka kwa polisi kwa maandishi, kwa mfano ni nani aliamuru huo msako, manake sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, na kama ni jambo la maisha au uhuru wa mtu ni saa 48. Andika barua mbili, moja waachie, nyingine igongwe muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani.