Tela la baiskeli la mtumba linapokwenda kombo: pima kabla hujanunua gurudumu

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni bila gari hununua tela la baiskeli lililokwishatumika, la kubebea mtoto au la manunuzi ya wiki. Kitambaa kikiwa safi na matairi yana upepo, tunalipa na kuondoka. Barabarani ndipo baiskeli inapokuwa nzito bila sababu, tela linayumba, na baada ya muda mfupi matairi yamelika hadi nyuzi zinaonekana. Watu hukimbilia kununua magurudumu mapya. Subiri kwanza. Mara nyingi gurudumu halina kosa, kosa liko pale linapochomekwa.

Jaza upepo sawasawa pande zote mbili, kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi moja likiwa laini, tela huinama na kila kipimo kitakudanganya. Kisha inua upande mmoja, shika tairi juu na chini, litikise. Gurudumu likicheza juu ya ekseli yake, gololi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea au zimekwisha. Ikicheza ekseli yenyewe ndani ya tundu lake kwenye fremu, huenda haijaingia mpaka mwisho. Matela mengi ya watoto yana ekseli fupi yenye kitufe katikati ya gurudumu: unabonyeza, unaisukuma ndani mpaka isikike ikinasa, unaachia. Baada ya hapo vuta gurudumu kwa nguvu bila kugusa kitufe. Likitoka, usiende popote na tela hilo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huingia tunduni, ikaleta kutu, na kitufe hakirudi sawasawa. Safisha tundu kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu na safi, paka grisi kidogo, jaribu tena. Matela mengi yanayosemwa yamepinda yanapona hapa hapa.

Zungusha gurudumu huku umeegemeza penseli kwenye fremu, ncha ikikaribia ringi. Pengo likipanuka na kubana kwa zaidi ya milimita 2 au 3, ringi imepinda. Yenye spoku hunyooshwa kwa kukaza na kulegeza spoku, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ya plastiki hainyooshwi, badilisha.

Sasa kipimo chenyewe, cha kujua kama magurudumu mawili yako sambamba. Weka tela kwenye sakafu tambarare, mkono wake ukiwa umeinuliwa kwa kimo kile kile unachokuwa nacho ukiungwa kwenye baiskeli. Tia alama ya chaki ukingoni mwa kila ringi, upande wa mbele, usawa wa ekseli. Pima umbali kati ya alama mbili. Sukuma tela mbele nusu mzunguko, alama zile zile zifike nyuma usawa wa ekseli, upime tena. Kwa kuwa unapima alama zile zile, ringi iliyopinda kidogo haiharibu hesabu. Bodi ikizuia futi, egemeza ubao mnyoofu kwenye ubavu wa nje wa kila gurudumu, urefu wake upite bodi mbele na nyuma, upime kati ya mbao hizo.

Tofauti ya milimita 2 au 3 kati ya kipimo cha mbele na cha nyuma isikukoseshe usingizi. Ikifika 10, fanya hesabu. Kwenye gurudumu la inchi 20, kutoka alama ilipokuwa mbele hadi inapofika nyuma ni kama sentimita 40, kwa hiyo katika kila kilomita moja kila tairi linaburutwa kiubavu karibu mita 12. Miguu yako ndiyo inayolipa, na mpira ndio unaolika. Hata kama lililopinda ni gurudumu moja tu, tela hujigeuza kidogo njiani mpaka yote mawili yagawane kuburutwa huko. Kwa hiyo tairi lililolika haliwezi kukuambia kosa liko upande gani.

Kinachokuambia ni kubadilishana magurudumu, la kulia liende kushoto, kama muundo wa tela unaruhusu. Pima kila upande kabla na baada, kwa kulinganisha ubao na bomba la fremu linalokwenda mbele na nyuma. Upogo ukihama pamoja na gurudumu, kosa ni la ekseli au habu. Ukibaki pale pale, fremu imepinda.

Ekseli iviringishe juu ya kioo. Ikipwitapwita, imepinda, tafuta nyingine ya kipenyo na urefu ule ule, usiigonge kwa nyundo. Fremu yenye vishikio vya bolti inarekebishika: legeza, panga kwa ubao, kaza kila bolti kidogo kidogo kwa zamu. Ya chuma inaweza kurudishwa taratibu kwa bomba refu. Ya alumini usiikunje tena, kwani huchoka na kupasuka, na ufa unaweza kujificha chini ya rangi. Angalia maungio kwa tochi. Tela la mtoto lenye ufa kwenye kulehemu si la kutengeneza nyumbani hata kidogo.

Sehemu ya juu ya gurudumu kulalia ndani au nje kidogo hakuleti shida kubwa, mradi kulala huko kusiongezeke mno ukiweka mzigo. Wala usishtuke tela likikaa kando kidogo ya baiskeli. Mikono mingi huungwa kushoto kwa gurudumu la nyuma, na tela halikai katikati kabisa. Likienda mshazari, angalia kwanza pini na bolti za shina la mkono.

Ukimaliza, pakia madumu ya maji yenye uzito wa mtoto wako, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji, upime tena likiwa na mzigo, maana fremu dhaifu hufunguka ikilemewa. Endesha polepole, pita kwenye maji, ushuke utazame alama za matairi sehemu kavu. Mstari wenye kingo safi ni tairi linaloviringika; uliopakazwa pembeni bado linaburutwa. Kaza bolti zote upya baada ya safari hiyo, ndipo umfunge mtoto mkanda.