Namna ya kufundisha shinikizo la zabibu kwenye jumuiya

Hapa Moshi ukitaja pombe watu wanawaza mbege, pombe ya ndizi. Kwa hiyo kabla hujafungua Ufunuo, waoneshe shinikizo lenyewe: mashimo mawili yaliyochongwa mwambani, la juu pana, la kukanyagia zabibu kwa miguu mitupu, la chini lenye kina, juisi inateremkia humo kwa mfereji. Mimi huwachorea uani kwa kijiti.

Soma Mathayo 21:33, penye neno la Kigiriki lenos, yaani shinikizo, kisha Marko 12:1, penye hupolenion, shimo la chini. Usikawie hapo.

Kaeni kwenye Isaya 63:1–6. Mkanyagaji yuko peke yake, mavazi yamelowa. Uliza: damu hiyo ni ya nani? Wengi watajibu ya Yesu msalabani. Warudishe mstari wa 3 na wa 6: ni ya mataifa yanayohukumiwa. Ndipo Ufunuo 14:19–20 na 19:15 zinaeleweka, ni ghadhabu ya Mungu. Nakuomba usiilainishe, mjane aliyenyang'anywa kihamba, shamba la ukoo, anahitaji kusikia kwamba Mungu anahukumu.

Gideoni kupura ngano shinikizoni, Waamuzi 6:11, si fumbo. Alikuwa anawaficha Wamidiani chakula.