Geuza ukurasa kwa herufi moja: kujipangia vitufe katika SumatraPDF

Mwezi uliopita nililetewa leja za zamani za ushirika wa kahawa kule Mbozi nizichape upya. Aliyezipiga picha kwa simu alizilaza ubavu kurasa za hesabu ili safu zote ziingie, na kurasa za maelezo akaziacha wima. Basi kila baada ya ukurasa mmoja au miwili ni kugeuza. Katika SumatraPDF, programu ninayosomea PDF, kugeuza kwenda kulia ni Ctrl na Shift na alama ya kujumlisha, vyote kwa pamoja. Mikono yote inahama, na ukirudi mstari uliokuwa ukiusoma umeshakupotea. Ongeza na asubuhi za Uyole mwezi wa Juni, vidole vimekauka kama vijiti. Siku ya pili nikakaa nikaipanga upya programu yenyewe, na kazi ikaenda. Naandika hapa hatua zote, kwa sababu najua wengi humu mnasoma nyaraka siku nzima.

SumatraPDF ni ya bure, ni ya Windows, ni nyepesi hata kwa laptopu ya mtumba, na mbali na PDF inafungua vitabu na nyaraka za aina ya EPUB, MOBI na DjVu. Uwezo wa kujipangia vitufe ulikuja na toleo la 3.4 la mwaka 2022. Kama yako ni ya kabla ya hapo, pakua mpya kwanza.

Hatua ya kwanza usiguse kitu: angalia. Fungua waraka wowote, bonyeza Ctrl na K. Litatokea dirisha lenye orodha ya amri zote. Andika "rotate" na utaona amri za kugeuza, na pembeni yake vitufe vinavyotumika sasa. Hapo ndipo pa kujua kitufe gani kina kazi na kipi kiko wazi. Watu wengi huruka hapa, kisha wanalalamika kwamba programu imeharibika kumbe wameiba herufi iliyokuwa na kazi nyingine.

Sasa nenda kwenye menyu ya "Settings", chagua "Advanced Options". Litafunguka faili la maandishi matupu, SumatraPDF-settings.txt. Lisikutishe. Kabla ya yote, nakili faili hilo uweke nakala pembeni. Ukikosea unarudisha la zamani. Kisha tafuta neno Shortcuts na ujaze hivi:

Shortcuts [
    [
        Cmd = CmdRotateRight
        Key = x
    ]
    [
        Cmd = CmdRotateLeft
        Key = z
    ]
]

Cmd ni amri, Key ni kitufe. Kila amri ina mabano yake ya mraba, na zote zimo ndani ya mabano makubwa. Hifadhi, rudi kwenye waraka, bonyeza x. Ukurasa unageuka. Herufi z ilikuwa na kazi ya kubadilisha ukubwa wa ukurasa. Mimi siitumii, ndiyo maana niliichukua. Ukitaka kitufe cha kuchanganya, andika kwa mfano Alt + o.

Ushauri wangu: panga vitufe viwili au vitatu tu, vya kazi unayoirudia mara mia kwa siku. Ukipanga ishirini kwa mpigo, wiki ijayo hutakumbuka hata kimoja.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote: kuna SumatraPDF isiyohitaji kusakinishwa. Unaiweka kwenye flashi, na faili la mipangilio linakaa humo humo pamoja nayo. Mwanafunzi anayetumia kompyuta ya maktaba leo na ya steshenari kesho anatembea na vitufe vyake.

Maswali ya wanakikundi

Mafinga: Kaka, nimefanya kama ulivyoandika lakini x haifanyi chochote. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu mabano, mkuu. Kila linalofunguka lazima lifungwe. Yakiwa sawa, angalia jina la amri: CmdRotateRight huandikwa neno moja, bila nafasi katikati.

Njombe: Mimi mwalimu. Nikiwa naonyesha somo kwa projekta, kidole kinagusa q na waraka unafungwa mbele ya darasa. Naweza kuizima?

Jibu: Ndiyo, mwalimu. Ongeza mabano mapya ndani ya Shortcuts, uandike Cmd = CmdNone, na chini yake Key = q. Kuanzia hapo q haina kazi. Kujaza skrini nzima ni F11, hiyo iache ilivyo.

Iringa mjini: Mshale wa kulia wa laptopu yangu umekufa. Niandike nini?

Jibu: Usiandike kitu. Herufi n inakupeleka ukurasa unaofuata na p inakurudisha, tayari zimo.

Tukuyu: Shikamoo. Mama yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu. Anapenda sana kusoma, na mpaka sasa mjukuu ndiye anayemfungulia kurasa. Je, hii inaweza kumsaidia?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa mama. Inaweza, na kwake ndiko hasa inakofaa. Muwekee CmdGoToNextPage kwenye f na CmdGoToPrevPage kwenye d, mkono wa kushoto ukae palepale bila kusogea. Akitaka kutia rangi mstari, a iko upande huohuo: anachagua maneno kisha anabonyeza a, na Ctrl na Shift na S inahifadhi rangi ndani ya faili. Lakini kama kitabu ni picha za kurasa tu, maneno hayachaguliki, kwa hiyo rangi haitakaa. Kwa vitufe vya kushika kwa pamoja, bonyeza Shift mara tano mfululizo. Windows itauliza kama uwashe Sticky Keys. Kubali. Baada ya hapo anabonyeza kimojakimoja: Ctrl, halafu Shift, halafu S. Kaa naye jioni moja, muulize yeye mwenyewe kidole kipi kinafika wapi, ndipo uandike faili. f na d ni makisio yangu tu, mkono ni wake.

Mbeya, Soweto: Na sisi wa Linux?

Jibu: Tumieni Okular, nayo ni programu ya kusomea PDF. Ina menyu ya "Settings", ndani yake "Configure Keyboard Shortcuts". Unachagua amri na kubonyeza kitufe unachotaka, hakuna faili la kuhariri.

Tukuyu: Asante, kaka. Mama amechagua g badala ya f. Anasema f iko karibu mno na d, anazichanganya.

Jibu: Mpe g. Ilikuwa ya kuandika namba ya ukurasa wa kwenda, na kazi hiyo bado anaipata kwa Ctrl na G.