Kutunza ndege kongwe ya abiria inayokaa nje: maji kwanza, rangi baadaye

Makumbusho ikipokea ndege kubwa iliyostaafu, kila anayekuja kujitolea huuliza lini itapakwa rangi. Jibu sahihi ni: mwisho kabisa. Ndege iliyong'arishwa nje huku maji yamesimama tumboni huliwa kutoka ndani, na rangi mpya huficha dalili ambazo fundi angeziona mapema.

Mfano wetu ni Vickers VC10, ndege ambayo watu wa Afrika Mashariki waliijua vizuri. East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano. Moja, yenye namba ya usajili 5X-UVA, ilipata ajali ikijaribu kuruka Addis Ababa Aprili 1972. Nne zilizobaki, baada ya shirika kusambaratika mwaka 1977, zilichukuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza na kugeuzwa kuwa ndege za kujaza nyingine mafuta angani. 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, ikapewa namba ya kijeshi ZA150 na ikatua Dunsfold, Uingereza, Septemba 2013. 5H-MMT, kwa namba mpya ZA147, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani, tarehe 25 Septemba 2013, kwenda uwanja wa Bruntingthorpe, Uingereza. VC10 nyingine, isiyo ya East African Airways, ni A4O-AB iliyomtumikia Sultani wa Oman; iko kwenye Makumbusho ya Brooklands tangu 1987, pale pale Weybridge VC10 zilipoundwa.

Super VC10 ina urefu wa zaidi ya mita 52, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni zaidi ya mita 44. Banda la kuimeza ni ghali, ndiyo maana ndege za aina hii huachwa nje. Na kuachwa nje bila fedha ya kila mwaka ni hukumu ya kifo iliyocheleweshwa tu. Huko Cosford, kwenye makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, British Airways ilipoacha kugharimia mkusanyiko wake, mwaka 2006 VC10, Boeing 707 na Trident zilikatwakatwa; zikabaki sehemu chache tu, kama bodi ya VC10 iliyopelekwa Brooklands na pua ya 707 iliyopelekwa Scotland. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa kupokea ndege, uliza nani atalipia miaka kumi ijayo. Kama hakuna jibu, pokea pua tu, uiweke ndani. Pua kavu ina faida kuliko ndege nzima inayooza.

Mahali pa kuegesha

Lami hulainika kwenye joto na matairi huzama, kisha maji hukusanyika kwenye shimo hilo na kuunyevusha mguu wa ndege mwaka mzima. Weka zege, au angalau mabamba mazito ya chuma chini ya kila seti ya magurudumu, yenye mteremko mdogo wa kuondoa maji. Elekeza pua kule upepo mkali unakotoka mara nyingi. Upepo wa nyuma hupigapiga usukani wa mkia na ailironi (vibawa vidogo vinavyosogea nyuma ya mabawa) ambazo hazina tena shinikizo la haidroliki la kuzishikilia, na bawaba zake huvunjika. Zifunge kwa vizuizi vyake vya kiwandani; kama vimepotea, tengeneza vya mbao vilivyofunikwa mpira, vyenye utepe mwekundu mrefu.

Mizani ya ndege ni jambo linalowapata wengi bila kutarajia. VC10 ina injini nne nyuma, kwa hiyo ikiwa haina mafuta, na kundi la wageni likajazana viti vya mwisho, mkia unaweza kushuka. Weka nguzo ya kuegemeza chini ya mkia, pengo la sentimita chache, au ongeza uzito kwenye pua. Ndege zenye injini chini ya mabawa, kama 707, zina shida ya kinyume: injini hukaa mbele ya bawa, ukizitoa uzito unahamia nyuma na pua inainuka. Ndiyo sababu kwenye viwanja vya kuhifadhia utaona vipande vya zege vimening'inizwa mahali pa injini.

Kuiondolea hatari

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo, kabla mgeni yeyote hajapanda ngazi.

1. Ingiza pini za kufungia miguu ya kutua na uzikaze zisitolewe kwa mkono. Ndipo utoe shinikizo la haidroliki na la naitrojeni kwenye akumuleta, yaani mitungi inayohifadhi shinikizo hilo.
2. Toa betri, mitungi ya oksijeni, na mitungi ya gesi inayofumua slaidi za dharura. Slaidi ikifumuka ndani ya ndege inaweza kuua.
3. Vizima-moto vya injini hufyatuliwa na vilipuzi vidogo vya umeme. Tenganisha waya, toa vilipuzi, kisha mitungi. Gesi ya haloni ikabidhiwe mwenye kibali, isiachiwe hewani.
4. Toa mafuta yote hadi tone la mwisho. Maji hutulia chini ya mabaki ya mafuta, kuvu huota mpakani, na asidi yake hula sakafu ya tangi. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa: pitisha hewa na upime gesi, asiingie mtu wala kuwashwa cheche mpaka kipimo kiwe chini ya asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka.
5. Pima mionzi chumba cha rubani. Saa na vipimo vya zamani vyenye mishale inayong'aa gizani vinaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi, na baadhi ya alama za mlango wa dharura zina tritiamu, gesi yenye mionzi. Saa au kipimo chenye kioo kilichopasuka kifungwe kwenye mfuko na kitolewe. Ndege kama DC-10, TriStar na 747 za mwanzo ziliwekewa uzito wa urani iliyofifishwa kwenye mkia au mabawa: usitoboe wala kupiga msasa kipande chochote kizito usichokijua.
6. Asbesto hupatikana kwenye breki, gasketi na vitambaa vya kuzuia joto la injini.

Praima ya manjano-kijani iliyo chini ya rangi ina kromati, nayo husababisha saratani. Usiipige msasa mkavu hata dakika moja. Tumia msasa wa maji, barakoa ya FFP3 (ya kuchuja vumbi laini), na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha vumbi la sumu.

Maji

Hapa ndipo ndege hupona au hufa.

Chini ya tumbo la ndege kuna matundu na vali ndogo za kutolea maji. Hewa ya ndani inaposhinikizwa angani, vali hujifunga. Ndege ikiwa chini, springi huzifungua. Baada ya miaka ya kusimama, huziba kwa vumbi, nyuzi za zulia, mabaki ya gundi na viota vya wadudu. Chora ramani ya matundu yote, uyape namba, na kila miezi mitatu uyazibue kwa kijiti cha plastiki au mbao. Waya wa chuma hukwaruza alumini na kuacha mahali pa kuanzia kutu. Kisha mimina lita moja ya maji safi ndani, mita moja kutoka kwenye tundu, uone kama yanatoka. Yasipotoka, yanakaa mahali: yatafute kwa kamera ya waya.

Fungua paneli za sakafu, ukianzia chini ya vyoo, jiko na milango. Miaka ya kahawa iliyomwagika, mkojo na dawa za choo imeshaanza kazi hapo kabla ndege haijafika kwako. Blanketi za sufi ya kioo zilizo ukutani hunyonya maji na kuyakumbatiza kwenye bamba la nje. Toa zote zilizo chini ya usawa wa sakafu, ziandike namba, zikaushe, uzihifadhi kwingine. Ndege ya maonyesho haihitaji kuzuia baridi ya mita 10,000.

Mipira ya milango ikikakamaa, maji hupita hata mlango ukiwa umefungwa. Kwa kuziba mianya tumia gundi ya polisulfidi inayotumika kwenye ndege. Silikoni ya dukani yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, hula alumini, na rangi haishiki tena juu yake. Mkanda wa kawaida wa kitambaa hupikwa na jua. Baada ya kiangazi kimoja utabandua rangi pamoja nao.

Usiifunge ndege pande zote, wala usiivike turubai zima. Turubai hunasa unyevu na, likipigwa na upepo, husugua rangi na madirisha. Ziba midomo ya injini na mirija ya kupimia hewa kwa vifuniko vyake, lakini acha njia za hewa zenye wavu wa kuzuia ndege na popo. Kiota kimoja ndani ya bawa kinashika maji kama sponji.

Hewa ya ndani

Lengo ni unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Ukipita 60, chuma hushika kutu upesi; ukipita 65, ukungu huanza kwenye viti. Chumba cha urefu wa mita 28, upana 3.5 na kimo 2.2 kina takribani mita za ujazo 215, na mashine ya kukausha hewa huchaguliwa kwa hesabu hiyo. Mashine ya kompresa hufanya kazi vizuri penye joto, mfano kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, lakini chini ya nyuzi 10 huganda na kukosa nguvu. Majira ya baridi ya Uingereza yanataka ile ya gurudumu la kemikali. Bomba la maji ya mashine ya kompresa litoke nje ya ndege. Ndoo husahaulika Ijumaa ikafurika Jumapili.

Weka vipima-unyevu vitatu vinavyorekodi kila nusu saa: mbele, nyuma, na kimoja chini ya sakafu. Cha chini ya sakafu ndicho cha kuamini. Kuwasha hita bila kukausha hewa ni kosa, kwa sababu unyevu huhama kutoka zuliani na kugeuka matone kwenye bamba baridi.

Kutu ya alumini

Tafuta unga mweupe, rangi iliyovimba, na michirizi myeusi kuzunguka ribiti. Aloi ngumu za reli za viti na mihimili huvimba na kuachana matabaka kama chapati ya kusukuma. Hapo nguvu imekwisha hata kama umbo bado lipo. Mahali bolti ya chuma inapogusa alumini, alumini ndiyo hulika.

Ondoa unga kwa pedi ya nailoni au msasa wa oksidi ya alumini. Steelwool, yaani sufi ya chuma, ni marufuku: nyuzi zake hubaki na kuanzisha kutu mpya. Osha, kausha, pima unene uliobaki kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, andika, kisha paka praima. Ndege haitaruka tena, kwa hiyo hakuna haja ya kukata kila kipande chenye doa. Chuma cha asili kina thamani ya kihistoria. Isipokuwa sehemu zinazobeba mzigo, yaani sehemu za kuwekea jeki, mizizi ya mabawa, viungo vya mkia na vya miguu. Hizo ziamuliwe na mhandisi. Ndani ya mapango yasiyofikika, puliza mafuta membamba ya kuzuia kutu kama ACF-50, urudie kila mwaka. Sehemu zisizoguswa zinastahili dawa ya aina ya nta.

Matairi, miguu na kuosha

Ndege ikisimama miaka kwenye matairi, yatapasuka ubavuni. Suluhisho ni kuiinua kwa jeki siku isiyo na upepo, kuweka vihimili vya chuma, na kuacha matairi yaguse ardhi tu. Punguza hewa ukiwa umesimama mbele au nyuma ya tairi, kamwe si ubavuni, maana shinikizo lake linaweza kuzidi psi 150. Kama vihimili haviwezekani, isogeze kila mwezi mpaka magurudumu yazunguke robo mzunguko. Bomba linalong'aa la mguu lifutwe na kupakwa grisi. Likiota vishimo vya kutu, sili zake hukatika. Ukiongeza mafuta ya haidroliki, soma kibao kwanza: ya zambarau na mekundu hayachanganywi, kwani kila moja huharibu sili za mwenzake.

Osha mara mbili kwa mwaka kwa sabuni isiyo na asidi wala magadi. Paka sabuni kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu. Suuza kutoka juu. Mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye maungio. Kinyesi cha ndege-wanyama kiondolewe siku ile ile. Madirisha ni akriliki: maji mengi na kiganja cha mkono, bila dawa ya vioo yenye amonia, la sivyo yatajaa nyufa ndogo zisizoondoka. Ndani, shusha pazia zote za upande wa jua.

Na sasa rangi

Swali la kwanza ni la historia. ZA150 ina mrija wa kupokelea mafuta puani na vifaa vya kujazia mafuta chini ya mabawa. Kuipaka rangi za East African Airways kungewafurahisha wengi, nasi pia, lakini ingekuwa sura ambayo ndege hiyo, ikiwa na vifaa hivyo, haikuwahi kuwa nayo. Bora kijivu cha jeshi, na historia ya 5H-MOG ielezwe ndani kwa picha na nyaraka.

Kabla ya kutoa rangi ya zamani, weka karatasi angavu juu ya maandishi madogo yote, yale ya "usikanyage" na ya milango ya huduma, uyachore kwa kipimo kamili na kupiga picha zenye rula. Acha kipande cha rangi ya asili, sentimita 30 kwa 30, mahali palipofichika. Tumia dawa ya kubandua yenye alkoholi ya benzili badala ya kloridi ya methilini. Paka praima ya epoksi, kisha poliyurethani, wakati joto la bamba limezidi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) kwa nyuzi 3 au zaidi. Wakati wa kupuliza, matundu ya tumboni yazibwe kwa vijiti vyenye utepe, na anayefunga kazi avihesabu vyote vinapotoka kwa kufuata ile ramani ya namba.