Somo: Kuvua kwa mshipi (uzi na ndoana) kwenye maji ya kina kifupi msimu wa vuli

Assalamu alaykum wenzangu. Kusi limekwisha na kaskazi halijaingia. Miezi hii ya tanga mbili, Oktoba na Novemba, matlai, upepo wa mashariki, huvuma taratibu na maji hutakata, nasi tusio na mashine wala ngalawa twapata kitoweo kwa miguu yetu. Naeleza ninavyovua mimi katika ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja: kusini mikoko, katikati mchanga na majani ya bahari, na mikondo inayopita kati yake. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likipwa, sehemu kubwa ya ghuba hubaki kavu. Aliye Mafia, Tanga au Lamu hakosi mahali pa namna hiyo.

Wengi huanza kwa kuuliza chambo. Anzeni na maji.

Hatua ya kwanza: hesabu mwezi. Kwetu, siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 3 hadi 4 hivi. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Mimi hutoka siku ya 11 hadi 13 ya mwezi wa kuandama, na tena ya 26 hadi 28, kwa sababu siku hizo maji hupwa kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Nayavua yakijaa, jua likiwa bado halijawa kali. Bamvua lenyewe silipendi, mkondo unakuwa mkali na mshipi hautulii chini. Maji mafu, ya siku za nusu mwezi, nayo hayapwi vya kutosha kumkusanya samaki mkondoni.

Hatua ya pili: vifaa. Mshipi mwembamba, usiozidi nusu milimita, na ndoana namba 8 au 9. Chubwi, risasi ya kuzamishia mshipi, iwe ndogo kabisa, na pakiwa hapana mkondo iondoe. Maji ya magotini hayataki risasi nzito inayopiga kishindo. Chambo changu ni ngisi aliyekatwa vipande virefu vyembamba, au kamba aliyemenywa. Kidole cha shahada kizungushie kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, kwani samaki mwenye nguvu kama kolekole akikimbia, mshipi hukata nyama ya kidole.

Hatua ya tatu: pa kusimama. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Maji yakipwa, samaki hushuka mkondoni na kungoja. Yakianza kujaa, hupanda juu ya majani kutafuta kaa na kamba. Basi fika kabla maji hayajageuka, simama kwenye ukingo wa mkondo, na usipige maji. Tembea kwa kuburuta nyayo bila kuinua mguu: taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akiguswa ubavuni huondoka, lakini akikanyagwa mgongoni hupiga mwiba. Vaa viatu vinavyofunika mguu wote.

Kisha tulia utazame. Utaona wingu dogo la mchanga limetifuka juu ya majani, kama mtu aliyepuliza unga. Hapo pana mkundaji au changu anachimbua. Vidagaa wakiruka kwa pamoja, nyuma yao yupo kolekole au mzia. Usitupe juu ya wingu lenyewe. Tupa hatua nne tano mbele yake, upande anaoelekea, uache chambo kilale.

Changu mwenye doa jeusi ubavuni ndiye ninayemngoja. Hugonga mara mbili, kidogo sana, kama ukucha juu ya mlango. Usivute. Baada ya hapo mshipi huwa mzito na huanza kwenda pembeni. Sasa vuta, kwa mkono mmoja, usiulegeze tena. Chaa yeye hutetemesha tu, na ndoana ikiwa kubwa hula chambo akaondoka.

Maji yakifika mapajani, rudi nyuma hatua kwa hatua ukimfuata samaki kuelekea pwani.

Hatua ya nne: kurudi. Maji hujaa mikondo ya nyuma yako kabla hayajakufikia miguuni. Mwaka mmoja samaki walikuwa wanakula vizuri, nikasahau kugeuka. Nilipogeuka, kijikondo nilichokivuka kikavu kilikuwa cha kifuani na kinavuta. Nilivuka nimeinua kapu kichwani, moyo ukinidunda. Tangu siku hiyo nachomeka ufito kwenye kivuko nilichopita. Maji yakifika alama niliyoifunga, natoka, hata kama changu wanagonga.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Niko Mtwapa. Tafi nawaona wengi majanini lakini hawashiki ndoana. Nakosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Tafi wenu ndiye tasi wetu. Chakula chake ni mwani, kwa hiyo ngisi hamjali, ndiyo maana huku huvuliwa kwa dema, mtego wa kusuka. Ukitaka mshipi, tumia ndoana ndogo sana na donge la unga wa ngano, au mwani wenyewe uliousokota. Ukimpata, mshike kwa kitambaa, miiba yake ina sumu na huuma sana.

*Kaka, huku Kilwa kila nikitupa napata bunju, yule samaki anayejivimbisha. Yuko anayesema akisafishwa vizuri analiwa.*

Usile, ndugu yangu, wala usimpe paka. Sumu yake imo zaidi kwenye ini na mayai, na moto hauiondoi hata ukipika kutwa. Imeua watu. Mtoe ndoana umrudishe, kisha hama hatua hamsini, maana akishapajua mahali hakuachii mshipi mzima.

*Mvua ya vuli ikinyesha usiku, asubuhi maji ni matope. Nibaki nyumbani?*

Ukiwa karibu na mto, kaa mbali na mdomo wake, nenda penye mchanga mtupu. Tumia ngisi mwenye harufu, kwa kuwa samaki hakioni chambo. Chwaka haina mto mkubwa, kwa hiyo siku moja ya kungoja hutosha.

*Na taa akinipiga?*

Toka majini kwanza. Tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza ya moto yanapopoa. Maumivu hupungua sana. Kisha nenda hospitali, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Akikupiga kifuani au tumboni usiung'oe mwiba, kimbizwa hospitali hapo hapo.