Kuchagua programu ya kucheza muziki na ya kugeuza faili za muziki

Swali ninaloulizwa kila mara ni, "Programu gani ni bora?" Nami hujibu kwa kuuliza: nyimbo zako ziko kwenye faili za aina gani, na unataka zikachezwe wapi? Nimetunza rekodi za kwaya na za bendi za marafiki kwa miaka mingi, na wengi wanaoniletea flashi zao wana tatizo moja. Walipata programu inayodai kufanya kila kitu, wakaikabidhi folda nzima, na sasa majina ya nyimbo yamevurugika, sauti imefifia na faili za awali zimeshafutwa. Inauma, kwa sababu rekodi nyingine haziwezi kupatikana tena popote.

Kucheza muziki ni kazi moja, kugeuza faili ni kazi nyingine. Programu inayoiweza ya kwanza si lazima iiweze ya pili, na hakuna ubaya wowote kuwa nazo mbili.

Lakini kabla ya programu, zielewe faili zenyewe. Sidii ya muziki ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Hiyo ni kilobiti 1,411 kila sekunde. Wimbo wa dakika 4 ukiuhifadhi kama WAV, aina ya faili ambayo kwa kawaida haibani sauti, utachukua megabaiti 42 hivi. FLAC, aina ya faili iliyotoka mwaka 2001, huubana wimbo huohuo ukashuka mara nyingi hadi nusu au theluthi mbili ya ukubwa, na ukiufungua unarudishiwa kila biti kama ilivyokuwa. MP3, AAC, Vorbis na Opus, ambazo nazo ni aina za faili, hufanya kazi kwa njia nyingine: hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu huzisikia kwa shida au halizisikii kabisa. Wimbo wetu wa dakika 4 ukiwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde unafika megabaiti 9.6, na ukiwa wa kilobiti 128 haufiki hata 4.

Kilichotupwa hakirudi. Naomba hilo ulishike kuliko jina la programu yoyote nitakayoitaja hapa. Kugeuza MP3 kuwa FLAC hakuongezi chochote isipokuwa ukubwa wa faili. Kama huamini, pakua Spek, programu ndogo ya bure inayochora picha ya sauti. Fungua rekodi iliyotolewa vizuri kwenye sidii: rangi zitapanda juu kuelekea kilohezi 22 (kilohezi hupima wembamba wa sauti). Kisha fungua MP3 ya kilobiti 128: mara nyingi rangi hukatika ghafla kwenye kilohezi 16, na juu yake ni weusi mtupu. Sasa igeuze MP3 hiyo kuwa FLAC uiangalie tena. Mstari umebaki palepale. Ninapopewa faili nikaambiwa ni "ubora wa juu", huanza na picha hiyo kabla hata ya kusikiliza, na zipo nyingi ambazo zimevaa jina la FLAC tu.

Na kugeuza MP3 kuwa AAC, au MP3 kubwa kuwa ndogo, ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi. Wakati mwingine huna budi, kwa mfano nafasi kwenye simu ikiwa finyu, lakini fanya hivyo kwenye nakala tu. Faili ya kwanza uliyonayo, iwe WAV, FLAC au hata MP3, iache kama ilivyo kwenye folda yake.

Tuje kwenye kucheza. Kama unachotaka ni faili ifunguke bila maswali, weka VLC. Ni programu huria, yaani ya bure na msimbo wake uko wazi kwa wote, ipo kwa Windows, macOS na Linux, na ni nadra kukutana na faili ya muziki itakayoishinda. Nipo nayo kwenye kila kompyuta ninayoitumia. Ila siitumii kusikiliza albamu, kwa sababu toleo lake la 3 huacha pengo dogo kati ya wimbo na wimbo. Kwenye rekodi ya tamasha, pale makofi yanapotiririka kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, pengo hilo hukukata katikati ya furaha. Kwa kusikiliza hasa, mwenye Windows nampa foobar2000 au MusicBee, zote za bure. MusicBee inapendeza machoni na hupanga maktaba yenyewe. foobar2000 ni kavu ukiitazama mara ya kwanza, lakini ni nyepesi, hata kompyuta nzee huiendesha bila kulalamika. Mwenye Linux nampa Strawberry.

Jambo moja ambalo watu hulisahau wanapochagua kicheza muziki ni tofauti ya sauti. Rekodi ya zamani hunong'ona, inayofuata hupiga kelele, nawe unakimbilia kitufe cha sauti. Tafuta programu yenye ReplayGain. Hupima kila wimbo na kuandika kipimo hicho kwenye taarifa za faili, kisha kicheza muziki ndicho kinachopunguza au kuongeza sauti wakati wa kucheza. Muziki wenyewe hauguswi. foobar2000 inayo tayari: chagua nyimbo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye ReplayGain. Programu "zinazosawazisha" sauti kwa kuibana MP3 upya ziepuke.

Kwa kugeuza, mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii namwanzisha kwa fre:ac. Ni huria, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, hutoa nyimbo kwenye sidii, na haipotezi jina la wimbo, msanii na albamu. Unaburuta nyimbo zako ndani, unachagua LAME, kitengeneza MP3 kilichomo ndani yake, kama unataka MP3, unaonyesha folda ya kupelekea, unabofya kuanza. Folda hiyo iwe tofauti na ile ya nyimbo za awali.

Wenye folda nyingi na wasioogopa kuandika amri watumie FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard, na ambayo programu nyingi za kugeuza huitumia kimyakimya ndani yake. Amri ninayoitumia zaidi ni hii:

ffmpeg -i "wimbo.flac" -c:a libmp3lame -q:a 2 "wimbo.mp3"

Hiyo -q:a 2 inamaanisha MP3 ambayo kilobiti zake hupanda na kushuka kufuatana na muziki, wastani ukiwa karibu 190. Sehemu tulivu hutumia chache, ngoma na vinanda vikiingia pamoja hutumia nyingi. Ukitaka zaidi, andika 0 badala ya 2. Kwangu hiyo ni bora kuliko kung'ang'ania 320 kwa kila kitu. Alama za kunukuu usiziache, la sivyo jina lenye nafasi, au lenye ng' kama "Ng'ara", litaivuruga amri.

Uchague muundo gani? Hifadhi kwa FLAC pale ulipo na chanzo kamili. Kwa redio ya gari na vifaa usivyovijua, MP3, kwani karibu kila kifaa kinaisoma. Kwa simu ya kisasa yenye nafasi ndogo, Opus ya kilobiti 128 inasikika vizuri sana kwa ukubwa wake. WMA, aina ya faili ya Microsoft, sioni sababu ya kuitumia leo.

Nyimbo ulizopakua ndani ya programu za kusikiliza kwa malipo ya mwezi zimefungwa, hazikukusudiwa kutoka humo, kwa hiyo usipoteze muda nazo.

Tovuti za kugeuza faili mtandaoni sizipendekezi. Unapakia rekodi yako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, unakula bando kuipandisha na kuishusha, na mara nyingi hakuna pa kuchagua ubora. Programu zenyewe zipakue kwenye tovuti ya watengenezaji. Kurasa nyingine za kupakulia hujaza vitufe vya uongo, kile kikubwa cha kijani kikiwa tangazo. Wakati wa kusakinisha, soma kila ukurasa na uondoe alama kwenye chochote ambacho hukukiomba.

Kabla ya kuiamini programu yoyote ya kugeuza, ipe folda ndogo ya majaribio: nyimbo mbili zinazoungana za tamasha, wimbo mmoja wenye jina refu lenye ng', na mmoja wenye picha ya jalada. Baada ya kugeuza, kagua kama majina na picha vimefika salama. Linganisha urefu wa wimbo kwa sekunde na ule wa awali. Sikiliza sekunde za mwanzo na za mwisho, maana hapo ndipo programu mbovu hukata. Kisha sikiliza sehemu yenye matoazi au makofi mengi kwa hedifoni. Ukisikia kama maji yanayobubujika nyuma ya matoazi, ongeza kilobiti, futa nakala hizo na urudie kutoka kwenye faili za awali.