Namna ya Kusimulia Muvi ya Mawimbi kwa Watu wa Mlimani

Mimi ni msimulizi wa muvi. Nakaa Kiboriloni, Moshi, na kazi yangu ni kushika maiki na kuigeuza muvi ya Kiingereza iwe Kiswahili papo hapo, watu wakiwa wameketi kwenye mabenchi. Riziki yangu inatoka kwenye muvi za ngumi na za Kihindi. Hizo hazina shida: steringi unamjua, adui unamjua, na kofi halihitaji mkalimani. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1959, ya Marekani, inaitwa Gidget. Binti wa miaka kumi na sita hivi, jina lake Francie, anajifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, anampenda kijana mmoja wa ufukweni, na kijana anamwona mtoto tu. Basi, habari ndiyo hiyo. Hakuna bunduki wala adui wa kusubiriwa mwisho.

Naandika haya kwa yeyote anayetaka kuionyesha nyumbani kwao, hasa Desemba. Ninyi mnajua Desemba yetu: Wachaga wote wanapanda kurudi nyumbani, kihamba, yaani shamba la ukoo, kinajaa wajukuu wa kutoka Dar, na baada ya kuchinja na kula jioni inakuwa ndefu. Hapo kuna bibi ambaye hajawahi kuona bahari na mjukuu anayeogelea Kigamboni kila sikukuu. Sijaona muvi nyingine inayowakalisha wawili hao mkeka mmoja na kuwachekesha pamoja.

Tuanze na shuka, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Muvi hii ilipigwa kwa picha pana sana. Upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Ukitundika shuka moja la kitanda cha sita kwa sita, picha ya upana wa futi sita itakuwa na kimo cha futi mbili na nusu tu, na watu wa nyuma wataona vichwa vya siafu. Mpe fundi cherehani mashuka mawili meupe ayaunge ubavu kwa ubavu. Ukipata upana wa futi kumi na mbili, kimo kinakuwa futi tano, na hapo bahari inaonekana bahari. Yavute yakaze pande zote nne, chini pia, ufunge na mawe. Upepo wa jioni unaoshuka kutoka mlimani ukilicheza shuka, uso wa steringi nao unacheza.

Projekta na sabufa chukua kwa watu wanaokodisha vyombo vya harusi. Siku isiyo na harusi hupunguza bei. Nunua nakala halali ya muvi, na usitoze kiingilio. Ukishaanza kutoza umeingia kwenye biashara, na biashara ina vibali vyake vya Bodi ya Filamu na vya wenye hakimiliki. Kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, kwa hiyo anza saa moja na nusu. Muvi ina dakika 95. Wazee watakuwa wamelala saa nne.

Sasa, kabla hujabonyeza chochote, wafundishe watu wimbi. Usiruke hatua hii. Mtu ambaye hajui wimbi linafanyaje ataona watoto wa kizungu wamesimama juu ya mbao, basi, na hatajua kwa nini binti anapiga kelele za furaha. Chukua karai kubwa, lile la kufulia. Liinue upande mmoja kwa tofali ili maji yawe na kina upande wa chini na yawe membamba upande wa juu. Sukuma maji kwa kiganja kutoka kwenye kina. Watoto wasogee waone: maji yanakwenda yametulia, yakifika penye kina kidogo yanainuka, kichwa kinawahi mbele kuliko mguu, yanaanguka. Waambie ndivyo bahari inavyofanya. Upepo wa dhoruba ya mbali sana unayasukuma maji, wimbi linasafiri siku kadhaa, na likifika penye kina kinachokaribia kimo chake linavunjika. Ufukwe wa Malibu, California, ambako habari hii inatokea, mawimbi ya kiangazi huanzia kwenye dhoruba za huko kusini kabisa mwa dunia. Na kwa jinsi pwani ile ilivyokaa, wimbi haliangukii mahali pote kwa pamoja. Linaanza kuvunjika upande mmoja na kwenda likivunjika taratibu kuelekea upande wa pili. Ndiyo maana mwenye ubao hakimbilii nchi kavu moja kwa moja. Anakimbia ubavuni, mbele ya povu.

Hapo mjukuu wa Dar atainua mkono: mbona Coco Beach hatuoni hivyo? Mwache aulize, ni swali zuri. Mjibu kwamba sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na matumbawe, na mawimbi makubwa yanavunjikia huko nje kabla hayajatufikia. Usiache pia kuwaambia kwamba mchezo huu si wa hao vijana wa Malibu. Ni wa wenyeji wa Hawaii, waliokuwa wakiteleza juu ya mbao ndefu za miti yao karne nyingi kabla ya muvi yoyote kupigwa. Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyechukua dhahabu ya kuogelea kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ndiye aliyeutembeza duniani.

Kama kuna ubao wa futi tisa au kumi, uweke juu ya kipande cha gogo la mviringo na vijana wapande mmoja mmoja: mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, macho mbele. Wataanguka, watacheka, na baadaye muvini wakimwona Francie anasimama kwa mara ya kwanza watapiga makofi kama ndugu yao amefaulu mtihani. Mbao za Francie na wenzake zilikuwa na urefu kama huo. Zamani zilichongwa kwa mti mwepesi uitwao balsa, na mnamo 1958 mafundi wa California wakaanza kutumia povu gumu la kiwandani.

Haya, maiki.

Usitafsiri kila neno. Vijana wale wanaongea haraka, kwa misimu ya mwaka 1959, na ukiwafuata neno kwa neno utabaki nyuma yao hadi mwisho. Itazame mwenyewe mara mbili tatu ukiwa na daftari, uandike kila tukio kwa sentensi moja: nani anataka nini, nani anamficha nani. Kisha simulia hilo. Tangu mwanzo watu wajue kwamba vita ya muvi hii ni moja tu: je, Moondoggie atamwona Francie au hatamwona? Moondoggie ndiye kijana anayemtoa majini binti alipokwama kwenye mwani, na penzi linaanzia hapo. Juu yao yupo mtu mzima wao, Kahuna, aliyerudi kutoka vita ya Korea akajenga kibanda ufukweni na hataki kazi wala ratiba. Moondoggie anataka kuacha chuo amfuate. Ukifika hapo sema wazi, "Baba kalipa ada, kijana anataka kwenda kuishi kibandani!" Hakuna mzee wa Kichaga ambaye hatakaa vizuri kitini.

Tukio la kulitolea jasho ni la sherehe ya ufukweni. Binti anataka kumrusha roho Moondoggie. Anampa kijana mwingine hela amsindikize, ajifanye mpenzi wake. Yule kijana anamwachia mwingine zamu yake, na anayeipokea ni Moondoggie mwenyewe, ambaye anadhani anayerushwa roho ni Kahuna! Hapa wasimulizi wengi wanamwaga yote kwa pumzi moja. Mimi naligawa. Kwanza nasema, "Hela imetoka." Nanyamaza. "Kijana kaachia zamu." Nanyamaza tena, mpaka mtu mmoja gizani aulize, "Kamwachia nani?" Nasubiri picha imwonyeshe Moondoggie, halafu namaliza kwa jina tu. Kelele zake zinasikika barabarani. Kimya cha msimulizi ni sehemu ya kazi.

Nyamaza pia kwenye mawimbi. Utagundua kuna picha za aina mbili. Za karibu, ambapo uso wa Sandra Dee, mwigizaji wa Francie, unaonekana safi na nywele hazijalowa, zilipigwa studio, bahari ikionyeshwa nyuma yake kwenye pazia. Hapo ongea utakavyo. Lakini picha zikiwa za mbali, watu wadogo juu ya maji makubwa, hao ni watelezaji wa kweli wa Malibu. Weka maiki chini, ongeza sabufa, waache watu waone. Aliyeteleza badala ya Sandra Dee ni mwanaume, Mickey Muñoz, aliyevalishwa wigi. Hilo liambie hadhira muvi ikiisha, si kabla, ili wampende kwanza binti yao kwa amani.

Kuhusu heshima: bibi mmoja jirani yetu aliuliza kwa sauti, "Hawa watoto hawana mama wa kuwavika?" Nilimjibu kwenye maiki, "Shikamoo bibi, hayo ndiyo mavazi ya kuogelea ya kwao," akaridhika. Mabusu ni machache. Ila kuna usiku mmoja ambapo Francie, kwa hasira ya kukataliwa, anakwenda na Kahuna kwenye nyumba ya ufukweni akitaka kuonekana mkubwa. Wengine huruka. Mimi nasema usiruke. Punguza sauti, eleza kwa maneno ya staha kwamba binti anacheza na moto, na kwamba yule mtu mzima anamtisha makusudi kisha anamfukuza arudi kwao. Wazazi wenye mabinti hunishukuru kwa dakika hizo kuliko vichekesho vyote.

Umeme ukikatika katikati, usiwaache watu wakatawanyika. Endelea kusimulia kwa mdomo pale pale gizani, uliza nani anamtaka Moondoggie na nani anamtaka Kahuna, wagawe makundi. Wakati huo mama mwenye nyumba apitishe chai ya tangawizi na bisi.

Jambo la mwisho la kulilinda ni siri ya posa. Tangu mapema baba yake Francie anamsukumia kijana wa rafiki yake, mtoto wa watu, mwenye adabu, na binti hataki hata kumsikia. Mwishoni anakubali kutoka naye, na anayetokea ni Moondoggie. Wakati wote mwite kwa jina la ufukweni tu, na huyo wa baba mwite "yule mchumba wa mzee". Jina halisi likikuponyoka mapema umeiua muvi. Akitokea, wazee ndio watakaosimama kwanza, kwa sababu kumbe baba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Halafu mpe Kahuna haki yake: anabomoa kibanda na kwenda kufanya kazi ya urubani wa ndege za abiria. Usilipitie haraka.

Watakuomba nyingine kesho yake. Usiwape Beach Party ya 1963 mara moja. Inachekesha, ila ina nyimbo nyingi, na msimulizi kwenye wimbo hana pa kuingilia. Wape The Endless Summer ya 1966. Hiyo si hadithi, ni safari ya kweli ya vijana wawili wanaofuata kiangazi kuzunguka dunia, na wanafika Senegali, Ghana na Afrika Kusini. Wakifika Ghana, geuza mabenchi yasogee mbele, maana kila mtu atataka kuwaona wale watoto wa kijijini wakipanda mawimbi.